Kadi ikigoma kwenye kaunta, ujue kwanza nani amekataa

Kadi ikikataa, wengi wetu tunamwambia keshia neno moja: "Jaribu tena." Anajaribu, inakataa. Anaifuta chipu kwenye shati, anajaribu tena. Kufika mara ya nne, tatizo lililokuwa dogo limeshakuwa kubwa: PIN imefungwa, au benki imeona majaribio ya mfululizo ikaingiwa na wasiwasi na kuisimamisha kadi, au hela imekatwa mara mbili huku karatasi zote zikisema muamala umeshindikana. Kurudia si dawa mpaka ujue aliyekataa ni nani.

Wanaoweza kukataa ni wanne: kadi yenyewe, mashine ya dukani, mawasiliano yaliyo kati, na benki iliyokupa kadi. Ukiingiza kadi kwenye mashine ya duka la vifaa vya ujenzi pale Ngamiani, Tanga, mashine inasoma chipu na kupeleka ombi kwa benki iliyompa mwenye duka ile mashine. Benki hiyo inalisukuma kwenye mtandao wa kadi, mathalan Visa au Mastercard, nao unalifikisha kwa benki yako. Jibu linarudi kwa njia ile ile, kwa kawaida ndani ya sekunde chache. Pakikatika popote, mteja aliyesimama kaunta anaona kitu kimoja tu: imegoma.

Kwa hiyo kumkasirikia keshia ni kupoteza pumzi. Haoni chochote kwenye akaunti yako. Hata benki yenye mashine haioni. Yenyewe imepokea tarakimu mbili tu za jibu. Sababu kamili anayo mmoja, benki iliyotoa kadi, na huko ndiko pa kupiga simu. Watu hupoteza nusu saa wakipigia namba iliyobandikwa ubavuni mwa mashine, kumbe ile ni ya mwenye duka. Namba yako iko nyuma ya kadi yako. Iandike kwenye simu leo, maana siku kadi ikimezwa na ATM hutakuwa na mgongo wa kuusoma.

Karatasi ina namba mbili

Keshia: "Mama, kadi imegoma."

Mteja: "Pole na kazi, mwanangu. Hebu nisomee, hapo kwenye karatasi imeandika namba gani?"

Swali hilo linaokoa muda kuliko jingine lolote. Mashine nyingi zikikataa hutoa kikaratasi, na penye neno la kukataa huwa kuna tarakimu mbili. Mashine za kisasa za kioo cha kugusa wakati mwingine hazichapi, zinaonyesha tu kwenye kioo kwa muda mfupi, kwa hiyo mwombe keshia asibonyeze kitu kabla hujasoma. Tarakimu hizo zinafuata utaratibu mmoja duniani kote, iwe mashine iko Tanga mjini, Pangani au Ulaya.

51 ni salio halitoshi. 54 ni kadi imekwisha muda. 55 ni PIN si sahihi, na 75 ni PIN imekosewa mara nyingi kupita kiasi. 61 maana yake kiasi kimevuka kikomo chako, na 65 ni kwamba idadi ya miamala imevuka kikomo. 57 ni kwamba kadi yako hairuhusiwi muamala wa aina hiyo, na 58 ni mashine ndiyo isiyoruhusiwa, yaani tatizo ni la mwenye duka. 41 na 43 ni kadi iliyoripotiwa kupotea au kuibwa. Ukiziona hizo na kadi ni yako, kuna aliyeripoti kimakosa au ulishapewa kadi mpya na hii ya zamani imeuawa. 91 ni kwamba benki yako haipatikani, na 96 ni mfumo umepata hitilafu.

Halafu ipo 05, ambayo haina maelezo hata kidogo. Benki inasema tu "usimlipe". Inaweza kuwa mtambo wa kuzuia wizi umeshtuka, inaweza kuwa akaunti imelala kwa kutotumika, inaweza kuwa taarifa zako za utambulisho hazijahuishwa. Ukipata 05, usijaribu zaidi ya mara moja. Kila jaribio linamwongezea mlinzi sababu ya kukushuku. Piga simu.

Salio lipo lakini 51

Hii ndiyo inayozua ubishi mkubwa kaunta: "Nimetoka kuangalia sasa hivi, hela ipo!" Huenda ipo, ila si yote inatumika. Akaunti ina salio la kwenye taarifa na salio linaloweza kutumika, na mashine inauliza hilo la pili. Tofauti hutokana na kima cha chini ambacho benki hairuhusu kukigusa, makato ya mwezi, rejesho la mkopo linalosubiri, hundi ambayo haijaiva, au hela iliyoshikiliwa.

Hela ya kushikiliwa ndiyo huwaponyoka wengi. Hoteli, tuseme moja ya kule Raskazone, inaweza kushikilia kiasi fulani kwenye kadi yako unapopokea ufunguo wa chumba. Haijakatwa, imefungwa tu, lakini huwezi kuitumia. Ukiondoka ukalipa kwa taslimu au kwa simu, ile iliyoshikiliwa haijiachii papo hapo. Inaweza kukaa siku kadhaa mpaka muda wake uishe. Mwombe mtu wa mapokezi aiachie kwenye mashine kabla hujabeba begi.

Angalia pia hesabu ya kikomo. Kadi nyingi zina vikomo vitatu tofauti: cha kutoa ATM, cha kulipa dukani, na cha malipo ya mtandaoni. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na milioni tatu, kikomo cha kulipa dukani kwa siku ni milioni mbili, na mabati anayonunua ni ya milioni mbili na nusu. Mashine itakataa yote. Haitakupa ile milioni mbili kisha ikuachie udai. Dawa ni kugawa: sehemu kwa kadi, iliyobaki kwa simu au kesho. Au upandishe kikomo kwenye programu ya benki kabla ya kutoka nyumbani, jambo ambalo benki nyingi zinaruhusu. Kiasi halisi kinategemea benki na aina ya akaunti, kwa hiyo kiulizie chako.

PIN

Benki nyingi hufunga baada ya PIN kukosewa mara tatu. Ukishakosea mara mbili, simama. Usibahatishe ya tatu mbele ya foleni, kwa sababu ya kwanza na ya pili husamehewa pale unapoingiza iliyo sahihi baadaye, lakini ya tatu inakupeleka tawini. PIN iliyofungwa haifunguki kwa kuzima mashine wala kwa kwenda duka la jirani.

Na kabla ya kujilaumu kwamba umesahau, tazama vitufe. Kwenye mashine zilizochoka, kitufe kimoja huwa kigumu au kinajiandika mara mbili. Hesabu nyota kwenye kioo: ukibonyeza mara nne na nyota ni tano, kosa si lako. Bonyeza kitufe cha njano cha kufuta, anza upya. Cha kijani ni kukubali, chekundu ni kusitisha.

Chipu, chumvi na jasho

Kama mashine haijatoa namba yoyote, imesema tu haisomi kadi, basi ombi halijafika popote. Benki haijui kama umejaribu, na hakuna hela iliyokatwa. Hapo unaweza kurudia kwa amani.

Vile vipande vya dhahabu kwenye chipu vimepakwa madini yasiyoshika kutu kirahisi, lakini vinashika uchafu, mafuta ya vidole na chumvi. Pwani kama Tanga, kwenye unyevu na jasho, pochi ya mfuko wa nyuma hukaa mbichi mchana kutwa. Chukua kitambaa laini kikavu, au pamba yenye spiriti kidogo, pangusa mara mbili tatu, acha ikauke dakika moja. Msasa, kisu na wembe viweke mbali. Ukikwangua ule upako, kadi haina maisha. Mwombe keshia ajaribu kadi nyingine kwenye mashine ile ile. Nayo ikigoma, ujue uchafu uko ndani ya mdomo wa mashine.

Kadi iingizwe chipu ikiwa mbele na imetazama juu, isukumwe mpaka ikome, na isitolewe mpaka mashine iseme uitoe. Nimeona watu wengi wanaoichomoa mara tu wanaposikia mlio. Mlio ule ni wa kuomba PIN, muamala bado.

Keshia akiswaipu kadi yenye chipu, mashine itamwambia aingize chipu. Si ukaidi: ndani ya ule mstari mweusi kuna namba inayoiambia mashine kwamba kadi hii ina chipu. Chipu ikishindikana kabisa, baadhi ya mashine huruhusu kuswaipu kama njia ya mwisho, ila benki nyingi hukataa miamala ya namna hiyo kwa kuwa ndiyo njia ya kadi za kughushi. Sumaku ya kwenye kasha la simu inaweza kuharibu ule mstari. Chipu haiidhuru.

Kwa kadi za kugusa, sogeza mpaka kama sentimita nne au chini ya hapo, juu ya alama ya mawimbi, na uitulize. Usiguse pochi nzima yenye kadi mbili, mashine inachanganyikiwa. Kuna uzi mwembamba wa antena unaozunguka ndani ya plastiki. Aliyetoboa kadi yake ili aitie kwenye funguo ameshaukata, na atabaki na kuingiza tu. Kadi mpya nayo mara nyingi hukataa kuguswa mpaka kwanza uiingize na kuweka PIN mara moja, dukani au ATM. Na ukigusa mara nyingi mfululizo bila PIN, siku moja itakutaka uingize. Ni ulinzi wake.

Tarehe ya mwisho iliyoandikwa mbele, kwa mfano 08/27, ina maana kadi inafanya kazi mpaka siku ya mwisho ya Agosti 2027.

Imekataa na hela imekatwa

Hapa ndipo pa kuwa makini kuliko kote. Karatasi inasema imeshindikana, au mashine imezubaa na mtandao ukapotea, halafu simu inalia: shilingi 145,000 zimetoka. Keshia anasema hajapokea. Wote wawili wanasema kweli.

Kilichotokea ni hiki. Ombi lilifika benki yako, benki ikakubali na kukata, jibu likarudi, lakini likakuta mashine imeshakata tamaa ya kusubiri au laini yake imepotea. Mashine iliyoundwa vizuri huweka ndani yake ujumbe wa kurudisha, unaosema "ule muamala ufute". Ujumbe huo hutumwa mtandao ukirudi, au kabla ya muamala unaofuata. Benki yako ikiupokea, hela inarudi yenyewe, pengine kabla hujatoka dukani.

Kwa hiyo, mashine isizimwe kwa hasira. Keshia aisogeze mlangoni au dirishani ikamate mtandao, kwa sababu nyingi zinatumia laini ya simu kama simu yako. Aangalie chaji. Aangalie kama bando la laini halijaisha. Mashine kugoma asubuhi nzima kwa sababu ya bando ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Halafu achape nakala ya muamala wa mwisho. Ikionyesha umekubaliwa, ana namba ya idhini ya tarakimu sita na hela yake itakuja, umelipa. Ikionyesha haukukubaliwa, wewe ndiye unayedai benki yako.

Usilipe tena kwa kadi ile ile kabla ya kuangalia salio. Kama una haraka, lipa kwa njia nyingine na ubaki na ushahidi wa huu uliokwama. Ushahidi ni ile karatasi ndogo ya mashine ya kadi. Ile ndefu ya EFD ni risiti ya kodi, inathibitisha kwamba duka limeuza, haithibitishi kwamba kadi yako imekatwa wala haijakatwa. Watu hupeleka EFD benki wakarudishwa. Kwenye karatasi ya kadi, vinavyohitajika ni tarehe na saa, kiasi, tarakimu nne za mwisho za kadi, namba ya mashine yenye herufi na tarakimu nane, na namba ya rejea yenye tarakimu 12. Hiyo ya 12 ndiyo dhahabu. Ukiwa nayo, mtu wa benki anaupata muamala wako kwa kutafuta mara moja.

Ipige picha hapo hapo. Karatasi ile haina wino, inachapwa kwa joto. Ukiiacha juu ya dashibodi ya gari jua la mchana inageuka nyeusi yote, na ukiihifadhi kwenye pochi ya plastiki inafifia mpaka inakuwa nyeupe.

Hela isiporudi kufikia kesho yake, peleka dai kwa maandishi: fomu ya tawini au barua pepe ya huduma kwa wateja, na udai namba ya malalamiko. Simu pekee haitoshi kwa sababu haiachi alama mkononi mwako. Benki yako ikikuzungusha, hatua inayofuata ni Benki Kuu ya Tanzania, ambayo hupokea malalamiko ya wateja wa mabenki, lakini itakuuliza kwanza kama ulishalalamika benki kwako na ulijibiwa nini. Hapo ndipo ile namba ya malalamiko inapofanya kazi.

Mwenye duka naye ana njia ya mkato. Kama muamala ulikubaliwa kimakosa, mathalan kiasi kimeandikwa 450,000 badala ya 45,000, anaweza kuufuta kwenye mashine siku hiyo hiyo kabla hajafunga hesabu ya siku. Akishafunga, inakuwa ni kurejesha fedha, na hiyo huchukua siku. Kwa hiyo usome kiasi kwenye kioo kabla ya PIN, na ukigundua kosa rudi dukani kabla ya jioni.

Kama ni 91

Fungua programu ya benki au menyu ya simu. Ikifunguka na salio linaonekana, akaunti iko hai na tatizo liko upande wa kadi au njiani. Unaweza kuhamisha hela moja kwa moja kwenda Lipa Namba ya duka, au kwenda M-Pesa au Airtel Money na kulipa kutoka huko. Kadi kufungwa hakufungi akaunti. Bango la Lipa Namba lenye alama ya TANQR linasomwa na programu za benki na za mitandao ya simu pia. Programu nayo ikigoma, mfumo wa benki yako umelala, hakuna la kufanya zaidi ya kusubiri au kutumia benki nyingine. Ndiyo maana kadi mbili za benki moja si akiba. Kadi ya pili iwe ya benki tofauti, hata kama ina elfu hamsini tu.

Ukivuka mpaka wa Horohoro kwenda Kenya

Kadi iliyofanya kazi asubuhi Chumbageni inaweza kukataa mchana huo huo Lunga Lunga au Mombasa. Mara nyingi ni 57 au 05: matumizi ya nje ya nchi hayajawashwa. Yawashe kabla ya safari, kwenye programu au kwa kupiga simu, na utaje nchi na tarehe. Ukishavuka, laini yako ya simu inaweza isipokee ujumbe wa benki, na kuthibitisha kunakuwa kazi.

Kumbuka pia kikomo chako kimeandikwa kwa shilingi ya Tanzania. Shilingi moja ya Kenya huzunguka karibu na 20 za kwetu, inapanda na kushuka, kwa hiyo friji la 60,000 za Kenya ni kama milioni moja na laki mbili, pamoja na ada ya kubadilisha. Mashine ikikuuliza ulipe kwa fedha ya nchi yako au ya pale dukani, chagua ya pale. Ukichagua ya kwako, kiwango cha kubadilishia anakipanga mwenye mashine, na mara nyingi kinakuumiza.

Malipo ya mtandaoni yana mambo yake, ila yanayokwamisha zaidi ni mawili: huduma haijawashwa kwenye kadi, au msimbo wa uthibitisho unatumwa kwenye namba ya simu uliyoacha kuitumia. La pili linataka uende tawini na kitambulisho.

Wanaosubiri kadi yako igome

Kadi ikikataa mtu huwa na aibu na haraka, na matapeli wanalijua hilo. Kadi isiondoke machoni pako kwenda "mashine ya ndani yenye mtandao mzuri". Mashine nyingi hazina waya, ije yenyewe. Usimtajie mtu PIN akubonyezee, hata kama mikono imejaa mifuko. Zile tarakimu tatu za nyuma hazihitajiki kabisa kwa malipo ya dukani. Anayeziuliza ana lake.

Na ikipigwa simu saa moja baadaye, "Dada, tunapiga kutoka benki, kadi yako imefungwa, tutajie msimbo uliotumiwa tuifungue," kata. Benki haihitaji msimbo wako kufungua kitu chake yenyewe. Piga wewe namba iliyo nyuma ya kadi. Ile namba ya tapeli, itume kwenda 15040, ndiyo ya kuripoti namba za utapeli.